Minazi ya Watu wa Gumba

Kanga, Mafia
16 Februari 2025

Da Warda,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, Mama anakusalimu, Dada Kidawa anakusalimu yeye na tumbo lake. Mimi sitaki kukusalimu sana, salamu zitamaliza karatasi na nina la kusema.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya Mama ni ya nyumba nzima. Ukituma ujumbe wa sauti unawekwa barazani, sauti juu, mpaka mpita njia anajua umekula nini. Halafu mimi kwenye simu nakuwa bubu, unanijua. Huko unaita, "Tasnim? Tasnim?" Huku pumzi tu. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Zubery anapeleka nazi Dar kila mara, kasema Mbagala kwa mama mdogo anapajua, atakufikishia.

Ni hivi. Mama katuambia ulianguka darasani huko chuoni kwa sababu ya kutokula. Bibi akasema, "Chipsi hizo! Mtoto wa nazi analishwa viazi!" Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikumbuka Idi ile tulipokwenda Bweni kutazama mnara wa taa, ukawa unakaa chini njiani, ukasema unatoa mchanga kwenye kiatu. Ukakaa tena, mchanga tena.

Da Warda, ulikuwa umevaa ndala.

Bibi keshachagua nazi ya mtoto wa Dada Kidawa. Imechipua, ameiweka kando ya mtungi, kijani chake kimesimama kama sikio la paka. Mama akamwuliza, "Na mtoto akitoka bila gumba la ukoo?" Bibi akanitupia jicho kidogo, kisha akasema, "Basi tutaipasua tule utamu wa ndani."

Mimi ndiye niliyepasuliwa yangu. Sikumbuki ilikuwa tamu au la.

Niambie kuhusu mchanga.

Wako asiye na mnazi,
Tasnim


Mbagala, Dar es Salaam
27 Februari 2025

Tasnim wangu,

Marahaba, ingawa ukiniamkia hivyo najiona nimeota mvi. Barua imefika inanuka ngisi. Nimeinusa mpaka mama mdogo kaniuliza kama nina mimba.

Kumbe wewe husemi lakini unaona. Haya. Mchanga haukuwepo.

Wamenipeleka hospitali ya moyo. Daktari ni mama mmoja mpole, ana mikono ya baridi. Alinipaka mafuta kifuani, akapitisha kile kifaa, na kwenye kioo nikauona moyo wangu, kijivu, unafunguka na kufumba kama pweza aliye pangoni. Una vyumba vinne. Ukuta wa vyumba viwili vya juu una tundu. Damu inapita pale isipotakiwa, inazunguka bure, moyo unachoka.

Hilo ningelivumilia. Lakini aliponishika mkono aninyanyue, hakuniachia. Akalikunja gumba langu, pingili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akauliza, "Hili umelitoa wapi?" Nikamwambia kwa fahari kama tulivyofundishwa: ni la Bibi Mwanaheri, nyumba yetu yote tunalo, Kanga nzima inatuita watu wa gumba, mtoto akizaliwa nalo anapandiwa mnazi. Akauliza, "Na baba yako?" Nikasema alikuwa nalo. Akaacha kuandika. Akauliza alikufa vipi.

Tasnim, gumba na tundu ni ndugu wa tumbo moja. Anasema kuna protini inaitwa TBX5, haijengi kitu yenyewe, kazi yake ni kuziamsha jeni nyingine zianze kujenga. Nitakueleza vizuri nikielewa. Kwa sasa shika hili: watu wa gumba la pingili tatu, wengi wao moyo una kasoro. Wengine tundu. Wengine mapigo yanapungua polepole mpaka siku moja yanasahau.

Mtoto wa Kidawa akizaliwa nalo, lazima apimwe moyo. Mwambie Kidawa. Lakini nakuomba, mimi usinitaje. Kwao Ahmed wanaleta posa baada ya Idi. Wakisikia habari ya tundu wataniona kama chungu kilichopasuka, cha kupandia maua tu.

Ni mimi,
Warda


Kanga
14 Machi 2025

Da Warda,

Amezaliwa. Mwanamume, anaitwa Jabir. Ramadhani inamfaa, ana uso wa mtu aliyefunga.

Bibi alimpokea hata hajafutwa vizuri. Unajua anavyofanya. Alifungua ngumi ile pole pole, kama anafungua karatasi ya halua, tukanyamaza wote, mpaka kuku walinyamaza. Gumba likatoka, jembamba, refu, pingili tatu. Vigelegele! Mama alilia. Mama mkwe wa Dada, Bi Kijakazi wa Kiegeani, alirusha kanga juu, ingawa kwao hakuna gumba na huwa anatuita watu wa vidole kumi, ati gumba letu nalo ni kidole tu. Mnazi utapandwa siku ya arobaini.

Nami nikapiga kigelegele, sauti haikutoka.

Nina jambo la kukuungamia, na ukinichukia nitajua nilistahili. Barua yako niliisoma nyuma ya banda la mbuzi. Kabla sijahuzunika, kabla hata sijakuonea huruma wewe, nilifurahi. Kidogo tu, kama mtu aliyefungiwa nje halafu akasikia paa la ndani linavuja. Nikatazama gumba langu fupi la pingili mbili, nikalibusu. Halafu nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Sasa nisemeje? Nafsi yangu yenyewe inajua nilifurahi. Nikisema mtoto mwenye gumba ana kasoro, mimi niliyenyimwa mnazi, watasema nini? Kijicho. Mtoto hata siku saba hajamaliza. Na wewe umenikataza kukutaja. Sina ushahidi zaidi ya mdomo wangu, na mdomo wangu unaujua.

Shuleni moyo tuliusoma kwa Kiingereza, una milango na mishale na majina marefu, nikapata alama zote. Sikuwahi kudhani ni huu huu tunaolala nao.

Anafanana na mjomba, marehemu baba yako. Akilala anakunja nyusi.

Tasnim


Mbagala
22 Machi 2025

Mdogo wangu,

Sikuchukii. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikuchukia wewe, kwa gumba lako fupi. Tumelipana.

Nimeelewa sasa, sikiliza. Unawajua wapiga daku wetu, wanavyopita na ngoma na debe, nyumba kwa nyumba, "Amka, amka, ule daku!" Wao hawapiki. Hawana hata sufuria. Lakini wasipopita, jiko haliwaki, na watu wanakutwa na alfajiri hawajala.

TBX5 ndiye mpiga daku. Mtoto angali tumboni, mdogo kama punje ya kunde, hana uso wala jina, na moyo wake ni mrija tu unaojipinda gizani, unatafuta umbo. Mpiga daku anapita mtaa wa moyo, anagonga: wewe jeni, amka, jenga ukuta. Wewe, amka, tengeneza njia ya mapigo. Kisha anakata kona anapita mtaa wa mikono: wewe, amka, tengeneza gumba. Mitaa miwili, mpigaji mmoja. Kila mtu amerithi nakala mbili za jeni inayomtengeneza mpiga daku huyo, moja kwa mama, moja kwa baba. Sisi nakala yetu moja imeharibika, kwa hiyo anapita na nusu ya sauti. Nyumba nyingine zinamsikia. Nyingine zinabaki zimelala. Ukuta unaanza kujengwa, haumaliziki. Gumba halijui kwamba ni gumba, linakua kama kidole.

Kila mtoto wetu ni kama kurusha shilingi, anaweza kurithi nakala nzima au mbovu. Wewe pengine ulipata nzima. Hukunyimwa kitu.

Mtazame Jabir akinyonya. Akitoka jasho kichwani, akiacha katikati ahema, asiponenepa, msingoje. Sema, Tasnim. Sema hata kwa kunong'ona, hata kwa kumwandikia Kidawa chini ya mto.

Kila nikisikia ngoma ya daku hapa mtaani naweka mkono kifuani, nawaza nani ndani yangu hakuamka.

Warda


Kanga
4 Aprili 2025

Da Warda,

Idi ilikuwa njema. Bibi alivaa buibui lake lenye harufu ya karafuu, Zubery alileta soda, mbuzi akala mkeka mpya.

Nimesema. Nilimwambia Dada Kidawa taratibu, akanisikiliza. Amesema arobaini ikipita watakuja Dar apimwe. Kwa hiyo usihangaike. Jabir hajambo, ananyonya vizuri, anacheka usingizini. Kusi imeanza na mvua inakuja nayo. Nyuma ya nyumba kote ni kijani, na nazi yake kando ya mtungi imetoa jani la pili.

Karatasi imekwisha.

Tasnim


Mbagala
11 Aprili 2025

Tasnim, Tasnim!

Alhamdulillahi. Ungeniona, nimeisoma barua nikapiga kigelegele chako, kile ambacho hakikutoka. Bubu wetu kasema! Nimelala kama mtoto usiku mzima, mara ya kwanza tangu Februari.

Nimemwambia daktari mtoto anakuja baada ya arobaini, ameshaandika jina lake. Mimi wiki ijayo nina kipimo kidogo tu, si kitu.

Nakuonea fahari, nakuapia.

Warda


Kanga
17 Aprili 2025

Da Warda,

Sikusema.

Sikumwambia Dada, wala Mama, wala mbuzi. Nilikudanganya ili barua zako ziache kuniuliza. Halafu ukanionea fahari, na fahari yako nimeibeba siku hizi zote kama ndoo iliyotoboka, nafika nayo mlangoni haina kitu.

Jabir hanyonyi vizuri. Anaanza kwa haraka, kisha anaacha, anahema kama kifaranga kiganjani. Jasho linamtiririka kichwani mpaka kanga ya Dada inalowa. Bi Kijakazi anasema ni damu moto ya Kiegeani. Bibi anampepea kwa kipepeo cha ukili na kumwimbia. Leo mchana nilisinzia karibu yake nikaota niko ndani yake. Ni mtaa mrefu, hauna taa, nyumba zote zimefungwa. Nina debe mkononi. Nagonga, halitoi sauti. Najua kuna watu wamelala nyuma ya kila mlango, nawasikia wanavyopumua, nao wananingoja.

Nimeamka, naye alikuwa ananitazama. Macho makubwa, bila lawama. Hilo ndilo baya.

Kesho ni arobaini. Mche ninaubeba mimi, unajua, kazi yetu tusio na minazi ni kuwabebea wenye minazi. Barua hii haitakufikia kabla. Nimeiandika ili mtu mmoja duniani ajue kwamba nilijua.

Tasnim


Mbagala
27 Aprili 2025

Wewe!

Juzi asubuhi nimelala, nasikia hodi ya fimbo. Si ya mkono, ya fimbo. Mama mdogo anafungua, nasikia: "Yuko wapi mwenye kutokula?" Bibi! Bibi Mwanaheri, ambaye mara ya mwisho kuvuka maji alikuwa mwari! Nyuma yake Kidawa na mtoto, wote wamelowa chumvi.

Nikataka kuinuka nikashindwa. Basi na mimi niseme langu. Kile hakikuwa kipimo. Wamenipitishia mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, wakaziba tundu kwa kitu kama mwavuli mdogo. Sikuwaambia, msije mkanililia bure. Bibi akaona bandeji. Akaona na karatasi za hospitali. Akakaa kitandani kwangu, akavua buibui pole pole.

"Warda," akasema, "ulikuwa unangoja niutaje mnazi wako kama wa marehemu, nikiwa nalia?"

Tukalia. Kisha akanipiga kofi la mguu, ule usio na bandeji, alhamdulillahi.

Jana ndipo Zubery kaniletea barua yako ya tarehe kumi na saba. Anaomba radhi, alipitia harusini Rufiji. Nimesoma kwamba hukusema, na Jabir nimempakata mapajani! Sijui nikufinye au nikubusu. Ulimwambia nini Bibi? Kidawa kila akianza kueleza analia. Bibi nimemwuliza, ananijibu, "Mimi sikuambiwa kitu. Niliulizwa tu."

Uliuliza nini?

Warda


Kanga
2 Mei 2025

Da Warda,

Pole, na mwavuli wako. Nakufikiria ukitembea na kitu kilichofunguliwa ndani yako, hunyeshewi tena.

Sikupanga. Asubuhi ile niliamka sina neno. Wakanipakatisha mche, mzito kuliko ulivyoonekana. Tukaenda shambani, Bibi mbele na fimbo, wanawake nyuma na chetezo cha ubani, mvua imetoka kukatika, kila jani linadondosha tone. Shimo lilikuwa tayari kule mwisho wa safu. Unakumbuka Bibi anavyoitaja minazi kabla ya kupanda. Anagonga shina, anamtaja mwenyewe, anasonga mbele.

Akagonga ule mrefu uliopinda. "Huu wa Jumanne, kaka yangu."

Nikasikia mtu anauliza, "Yuko wapi?"

Ilikuwa sauti yangu.

Bibi akageuka. "Nani yuko wapi?"

"Jumanne."

"Amekufa, mwana wee. Mama yako hata hajazaliwa."

"Vipi?"

"Alijilaza baada ya adhuhuri, hakuamka." Akanitazama, akasonga. "Huu wa Matano, mtoto wa ami yangu."

"Yuko wapi?"

Wanawake wakaanza kucheka. Bi Kijakazi akasema, "Leo bubu kameza kasuku!"

"Alianguka msikitini," Bibi akasema, "katikati ya sala. Kifo cha heri."

"Ghafla?"

"Ghafla."

Akaenda kwenye ule wenye alama ya panga. Sikutaka kuuliza pale, da Warda, nisamehe. "Huu wa Shaabani, mwanangu."

"Yuko wapi?" Nilikuwa nalia tayari.

Hakuna aliyecheka. "Unajua alipo," Bibi akasema.

"Vipi, Bibi?"

"Njiani. Anatoka Kilindoni na zawadi za watoto." Akashika shina. "Ghafla."

Ndipo Bi Kijakazi akalipuka. "Jamani! Huyu hana mnazi, anawahesabia wenziwe maiti siku ya arobaini ya mjukuu wangu! Kijicho hiki! Mwondoeni, atamroga mtoto kwa macho!" Mama akanivuta mkono. Nikaung'ang'ania mche. Nilitamani ardhi inimeze, shimo lilikuwepo hata la kutosha.

Bibi hakutugeukia. Alikuwa amefika kwenye mnazi unaofuata, ameinua fimbo.

"Huu wa Warda," akasema. Akangoja. "Haya. Uliza."

Sikuweza. Akajijibu mwenyewe: "Warda yuko Dar. Alianguka darasani, kwa sababu ya…"

Fimbo ikabaki juu. Na katika kimya kile tulimsikia Jabir nyuma yetu, sote. Ananyonya, anaacha, anahema. Ananyonya, anaacha, anahema.

Bibi akarudi mpaka kwa Dada. Akampangusa mtoto paji la uso, akakitazama kiganja chake kilivyolowa. "Tangu lini?"

"Tangu azaliwe," Dada akasema. "Nilidhani joto."

"Bi Kijakazi," Bibi akasema, sauti ndogo kabisa, "mjukuu wako si anahema hivi? Basi mwache mtoto aulize." Kisha akaniambia mimi, "Utue mche. Siufukii mpaka nijue namfukia nani."

Nikautua palepale, kando ya mnazi wako.

Sikukutaja, da Warda. Wallahi sikukutaja.

Tasnim


Mbagala
18 Mei 2025

Kasuku wetu,

Najua hukunitaja. Nimejitaja mwenyewe. Nilimpigia Ahmed nikamweleza lote, tundu, mwavuli, na kwamba watoto wetu watarushiwa shilingi. Siku ya tatu kaja na maembe, kauliza wanauza wapi vifaa vya kupimia mapigo. Mama yake bado amenyamaza. Tutaona.

Jabir ana tundu, ukuta wa vyumba vya chini. Ndilo linalomchosha. Ameanzishiwa dawa, jasho limepungua, ameanza kujaza mashavu. Akishika uzito watamfungua kifua walizibe. Daktari alisema mmemleta mapema, na kuchelewa kungeharibu mapafu. Alisema hivyo akimtazama Bibi, na Bibi akasema, "Usinitazame mimi."

Kisha daktari akaomba ukoo wote. Anachora, wanaume visanduku, wanawake viduara, mwenye ugonjwa anapakwa wino. Kidawa akaanza kubabaika na majina. Bibi akamzuia, akafumba macho, akagonga fimbo sakafuni. "Huu wa Jumanne," akasema. Gonga. "Huu wa Matano." Ametembea shamba zima pale ofisini, Tasnim, mti kwa mti, na kila aliyekufa akaeleza vipi, bila kuulizwa. Hakulia. Alipofika kwa baba yangu alinishika mkono, magumba yetu yakapishana.

Yeye mwenyewe amepimwa. Mapigo yake ni ya polepole mno, anatakiwa awekewe kifaa cha kuyakumbusha. Kajibu moyo wake haujawahi kuwa na haraka na wala hauanzi leo. Tunambembeleza.

Na wewe uje. Daktari anasema hata mwenye gumba la kawaida apigwe picha ya kiganja na kupimwa, kasoro nyingine hujificha kwenye mifupa midogo. Usiogope. Au ogopa, lakini uje.

Warda


Kanga
29 Juni 2025

Da Warda,

Wamerudi. Jabir ana kidevu cha pili. Bibi akimpakata sasa anafungua ngumi kwanza, kisha anaweka sikio kifuani pake, anafumba macho, na hakuna anayeruhusiwa kupika wala kukohoa. Jana aliniita nami nisikilize. Kati ya pigo na pigo kuna sauti kama maji yanayopita juu ya mwamba, shhh, shhh. Nilikaa pale mpaka sikio likawa la moto. Nilikuwa nadhani tundu ni kimya. Kumbe linasema muda wote.

Tutakuja na Mama kabla shule hazijafunguliwa. Naogopa. Gumba langu nalitazama kila asubuhi, halisemi kitu. Nikionekana nina kasoro, sitapata mnazi kwa furaha ile niliyoitamani. Nikionekana sina, nitafurahi tena, na safari hii sitaona haya. Nadhani.

Sasa habari ya mche. Bibi aliporudi alisema tupande. Tukaenda wote, hata Bi Kijakazi, amenipa maandazi kimya kimya, hajaomba radhi wala sitaki aombe. Kule mwisho wa safu shimo limejaa maji ya masika, vyura wamehamia. Zubery akataka kuuinua mche pale nilipoutua. Ukakataa. Akavuta. Mizizi ilishatoboa kumbi, imeingia ardhini yenyewe, kando ya mnazi wako. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Uacheni," akasema. "Huyu hakungoja kupandwa."

Kisha akaanza kutaja. Alipiga shina na kusema, "Huu wa Jumanne. Moyo." Akasonga. "Huu wa Matano. Moyo." Kwa baba yako aliegemeza shavu kidogo kwenye ile alama ya panga. "Huu wa Shaabani. Moyo." Hakusema ghafla hata mara moja. Alipofika kwenye wako akasema, "Warda. Umezibwa," na wanawake wakapiga vigelegele, natumai ulivisikia huko Mbagala.

Akafika kwenye mche. Hauna shina la kugonga, akaugusa jani kwa ncha ya fimbo.

"Huu wa Jabir," akasema.

Halafu hakusonga. Akasimama. Wote wakasimama, na mmoja mmoja wakageuka kunitazama mimi, Dada, Mama, Bi Kijakazi na maandazi yake, na nikaelewa kwamba wananingoja, kwamba sasa ni kazi yangu, itakuwa kazi yangu kila tukija hapa.

Nikauliza, "Yuko wapi?"

Wakajibu kwa pamoja, kwa sauti kubwa mpaka mtoto akashtuka mgongoni kwa mama yake:

"Yupo!"

Wako,
Tasnim